Waziri Ameulizwa, Waziri Amejibu: Nani Amesikiliza?



Bunge linapokaa Dodoma, kazi ya siku huanza asubuhi kwa dua. Hati zikishawekwa mezani, Spika humwita mbunge wa kwanza katika orodha ya maswali. Mbunge husimama, huomba swali lake lipatiwe majibu, na Waziri au Naibu wake husimama akasoma jibu lenye sehemu (a) na (b). Hufuata maswali ya nyongeza, kisha huitwa mwingine. Ni saa ambayo watoto wako shuleni, baba yuko kazini, na redio ya jikoni mara nyingi imewekwa kwenye kaswida. Kaswida ni jambo jema. Lakini wiki hii tunaomba familia zetu ziitafakari saa hiyo ya maswali, kwa kuwa ndani yake huulizwa juu ya maji tunayotawadhia, shule wanazosoma watoto wetu na zahanati wanakojifungulia wake zetu.

Haki ya kuuliza si hisani ya Serikali. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 63, imelipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na ikataja waziwazi kwamba mbunge anaweza kumwuliza Waziri yeyote juu ya jambo la umma lililo katika wajibu wake. Maneno ya kuzingatia hapo ni "kwa niaba ya wananchi". Mbunge anaposimama, anauliza kwa ulimi tuliomwazima.

Swali la msingi halizuki ghafla. Hupelekwa kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge siku kadhaa kabla, likafikishwa wizarani. Na kama linahusu barabara au zahanati ya mahali fulani, wizara huandika mkoani na halmashauri kutaka maelezo. Wataalamu huandaa jibu, wakubwa hulipitia, na mwisho Waziri hulisoma. Wengi hulidharau swali la msingi kwa sababu jibu lake limeandikwa kabla, na sisi hatukubaliani nao. Faili lililolala kabatini miaka mitatu hufunguliwa siku swali linapoingia wizarani, na ofisa ambaye hakuwahi kuulizwa na mtu hulazimika kueleza boma limefika wapi. Hata kabla Waziri hajasimama, swali limekwisha kufanya kazi yake ya kwanza.

Swali la nyongeza ni jingine. Hilo halina karatasi. Hapo ndipo hujulikana kama Waziri analijua jambo au alikuwa akisoma tu, na kama mbunge amelisikiliza jibu au alikuwa akingojea zamu yake ya kushukuru. Tuseme kweli: baada ya uchaguzi wa mwaka 2020 kuliacha Bunge karibu lote mikononi mwa chama kimoja, shukrani zimeongezeka sana. Mbunge hupewa fursa fupi, akaitumia nusu yake kumpongeza Waziri kwa kazi nzuri, na iliyobaki kuomba. Kuomba na kuhoji ni vitu viwili. Anayeomba hupewa au hunyimwa, basi yakaisha. Anayehoji hudai maelezo ya kilichokwisha kuahidiwa.

Tunalo jambo la karibu la kulitolea mfano, bila kutaja jimbo wala halmashauri, maana wenye kulifahamu wanalifahamu. Katika mtaa wetu lipo boma la zahanati. Tofali zake zilichangwa na wakazi, Waislamu na Wakristo. Wengine walitoa fedha, wengine mchanga, na vijana wa madrasa walichimba msingi siku za Jumamosi. Kuta zilifika kwenye lenta, kazi ikasimama, kwa kuwa utaratibu uliozoeleka ni wananchi kuinua boma na halmashauri kulimalizia. Hili halikuwa jambo la kubuni kwetu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Miaka hiyo imekwisha, na wajawazito wa mtaa huu bado hupakiwa kwenye bodaboda usiku, dereva mbele, mgonjwa katikati na shangazi nyuma akimshikilia, katika barabara ambayo mvua ikinyesha hata mzima huteremka akatembea. Sera ya Afya imesema huduma za uzazi zitolewe bila malipo. Nauli ya usiku haikutajwa.

Mbunge aliuliza. Jibu lilikuja, likiwa na neno lililotufurahisha sote: fedha zimetengwa katika mwaka ule wa fedha. Msikitini watu walipeana mikono. Mwaka wa fedha ukamalizika tarehe 30 Juni kama unavyomalizika kila mwaka, na lenta haikuona hata kenchi moja.

Hapa pana elimu ambayo kila nyumba inapaswa kuwa nayo. Kutengwa si kutolewa. Bajeti inayopitishwa kati ya Aprili na Juni ni makadirio. Fedha hutolewa baadaye, kidogo kidogo, kadiri makusanyo yanavyoruhusu na kadiri wakubwa wanavyopanga kipi kitangulie, na miradi mingi hufika mwisho wa mwaka ikiwa imepata sehemu tu au haikupata kitu. Kwa hiyo Waziri aliyesema "zimetengwa" hakusema uongo. Mbunge ndiye aliyetakiwa kuinuka na kuuliza: kiasi gani kimepelekwa, tarehe gani, katika akaunti ipi? Familia zijizoeze kuyasikiliza majibu kwa sikio hilo. "Serikali inatambua umuhimu" halijabeba kitu. "Upembuzi yakinifu unaendelea" huenda ni kweli, lakini kuliulizwa unamalizika lini? "Kwa kadiri fedha zitakavyopatikana" ni mlango uliorudishwa bila kufungwa. Jibu lenye mwaka, kiasi na jina la mahali, hilo liandikeni, kwa kuwa hilo ni ahadi, na ahadi katika dini yetu ni jambo la kuulizwa Siku ya Kiyama.

Na kwa hakika liliandikwa. Mama mmoja anayesomesha madrasa ya watoto wadogo, ambaye hatutamtaja kwa kuwa hapendi kutajwa, alilisikia jibu lile redioni, akaliandika nyuma ya daftari la mahudhurio pamoja na tarehe. Mwaka ulipokwisha alilileta daftari mbele ya kamati. Ndani ya kamati kulikuwa na maoni mawili. Wapo waliosema msikiti usijiingize katika siasa, tumwachie mbunge na chama chake. Wengine walisema huku si kuingia katika siasa, ni kudai amana. Sisi tuko upande wa pili, na dalili yetu si ya kuitafuta mbali.

Katika Sahihi ya Imam Bukhari imepokewa kutoka kwa Jabir bin Samura (RA) kwamba watu wa Kufa walimshitakia Umar bin Khattab (RA) gavana wao, Sa'd bin Abi Waqqas (RA). Tumjue Sa'd ni nani: mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, jemadari wa Qadisiyya. Pamoja na hadhi hiyo, Umar hakusema mtu kama huyu haulizwi. Alimwondoa kwanza katika kazi, akamwita, akamweleza aliyoshitakiwa, hata la kwamba hasalishi vizuri, na Sa'd akaeleza jinsi anavyosalisha. Kisha Umar akapeleka watu Kufa kuchunguza. Walikwenda wapi? Walikwenda misikitini. Hawakuacha msikiti wa Kufa ila waliwauliza watu wake juu ya gavana wao. Msikiti ndio uliokuwa mahali pa kuwauliza raia juu ya huduma ya Serikali, na hakuna swahaba aliyesema hapo ni pahala pa ibada tu.

Kisa hakikuishia hapo, na sehemu iliyobaki inatuhusu sisi tunaopenda kulalamika. Misikiti yote ilimsifu Sa'd, mpaka walipofika msikiti wa Banu Abs. Akainuka mtu aitwaye Usama bin Qatada, akadai kwamba Sa'd hatoki na jeshi, hagawi kwa usawa na hahukumu kwa uadilifu. Sa'd akamwombea kwa Allah kwamba ikiwa mtu yule ni mwongo aliyesimama ili aonekane na asikike, basi arefushiwe umri, arefushiwe ufukara na afikishwe kwenye fitina. Wapokezi wanaeleza kwamba alionekana uzeeni nyusi zimemwangukia machoni, akiwachokoza wasichana njiani, na akiulizwa husema amepatwa na dua ya Sa'd. Umar naye, alipokuwa katika jeraha lililomwua, alibainisha kwamba hakumwondoa Sa'd kwa kushindwa kazi wala kwa khiyana.

Basi kuuliza ni wajibu, lakini mwenye kuuliza naye ana hesabu. Mbunge anayesimama ili video yake isambae jioni, na muumini anayesema "wamekula fedha" bila kujua kama zilifika, wote wawili wakisome tena kisa cha Usama. Ndiyo sababu barua ya kamati haikumtuhumu mtu. Ilinakili swali, ikanakili jibu kutoka Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge pamoja na tarehe ya kikao, ikaeleza hali ya boma kwa picha, ikamwomba mbunge aulize kiasi kilichotolewa.

Liko jambo jingine tunalotaka kulisema hata kama halitapendwa. Sisi Waislamu tuna tabia ya kuifungua redio siku ya suala letu na kuifunga siku nyingine. Mahakama ya Kadhi iliwekwa katika ilani ya chama tawala ya mwaka 2005, na mwaka 2015 tulijaa mbele ya luninga kungojea muswada ambao hatimaye haukujadiliwa. Tulikuwa na haki ya kufuatilia, na bado tunayo. Lakini mwanamke anayepoteza damu kwenye bodaboda ni suala la Kiislamu pia. Wabunge wameshatambua kuwa tunawapima kwa hijabu na kadhi tu, na wakishatupa maneno mawili matamu ya Idd, wanajua hatutauliza la maji.

Wapo wanaosema maswali hayabadili kitu. Mwaka 2008 taarifa ya Kamati Teule juu ya Richmond ilimfanya Waziri Mkuu ajiuzulu, na mwaka 2013 taarifa ya Kamati ya Bunge juu ya Operesheni Tokomeza iliwaondoa mawaziri wanne kwa siku moja. Hayo ni makubwa na ni nadra. Zahanati ya mtaa haihitaji Waziri ajiuzulu, inahitaji bati, milango na muuguzi.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba televisheni ya taifa itaacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja kama ilivyokuwa, wengi waliacha kufuatilia kabisa. Hata hivyo Taarifa Rasmi huwekwa katika tovuti ya Bunge, na kijana mwenye simu anaweza kulitafuta jina la wilaya yake ndani yake. Wasioweza kusubiri Dodoma wasisahau walio karibu. Baraza la Madiwani nalo huuliza na kujibiwa, na kwa walioko vijijini, mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Katika mikutano hiyo akina mama wahudhurie na wazungumze, maana wao ndio wanaoijua foleni ya kisima na ya kliniki.

Barua ya kwanza ilipokelewa katika ofisi ya mbunge, ikagongwa muhuri. Ya pili imeandikwa na itapelekwa kabla ya mkutano ujao wa Bunge, ikiambatana na majina ya wakazi waliochangia tofali. Orodha iko kwa mweka hazina wa msikiti, na majirani zetu Wakristo wanayo nakala yao kanisani. Ambaye jina lake halimo na alichangia, apite baada ya swala ya Alasiri aliandikishe.

Wabillahi tawfiq.