Tembeeni na Watoto Kigombe

Si muhali kwa mkaazi wa Tanga, ambaye Jumapili huwaacha wanawe mbele ya televisheni ilhali barabara ya Pangani i wazi, kuwachukua hadi Kigombe, wakaambaa ufukoni kwa miguu maji yakiwa yamekupwa, wakaitazama mizizi ya michu iliyochomoza topeni na kaa wanaoizunguka. Bahari ile, tangu mwaka 2009, ni hifadhi ya silikanti, samaki ambaye maulamaa wa sayansi walidhani ametoweka tangu dahari, hata akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Na njiani, Tongoni, yapo makaburi ya nguzo ya wahenga wetu. Nawasihi wenye mamlaka, njia za pwani zisizibwe kwa nyua za viwanja, kwani ni haki ya umma.