Kasapa: Msiguse seva ya majina bila nakala

Wasikilizaji wa Kasapa, na ninyi jamaa mliokimbia vita: orodha ya msaada ikiwa ndani ya seva, fundi anayeisasisha bila nakala anacheza na chakula chenu.

Eti apt inafanya yote! Ukipanda Debian 12, inakuletea PostgreSQL 15, lakini majina yanabaki ndani ya 13 iliyokuja na Debian 11. Ile mpya inaanza tupu. Anayefuta 13 kwa haraka amefuta watu. Kwanza pg_dumpall, nakala ikae kwenye mashine nyingine na ijaribiwe, ndipo pg_upgradecluster ihamishe. Na betri ijae. SNEL haibishi hodi ikikata umeme.

Wakubwa wanaosema hakuna pesa ya diski, waseme pia nani atasimama foleni upya, mtoto mgongoni.