Vyuo vikuu vina kompyuta, vinakosa uongozi

Machi 2020, Serikali ya Tanzania ilipofunga vyuo kwa sababu ya ugonjwa wa corona, wanafunzi walifungasha mabegi wakarudi makwao. Walikaa huko hadi Juni 1, vyuo vilipofunguliwa tena. Kwa wengi wao, muda wote huo ulipita bila somo hata moja.

Wapo waliosema kuwa hali hiyo ilisababishwa na umaskini wa vifaa. Hatukatai kwamba umeme hukatika, na kwamba mtoto wa mkulima hana uwezo wa kununua bando kila siku. Lakini tunadhani hilo si jibu kamili.

Tukumbuke kuwa mkonga wa mawasiliano wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kabla ya hapo vyuo vyetu vilitegemea satelaiti, kwa bei ya kuruka. Kufundisha kwa masafa nako si jambo geni. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa kazi hiyo hiyo. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mfumo wa kufundishia kwenye intaneti miaka mingi kabla ya corona.

Kwa maana hiyo, vifaa vilikuwapo, japo si vya kutosha. Kwa mtazamo wetu, kilichopungua zaidi ni uongozi.

Tunaposema uongozi hatuna maana ya hotuba. Siku ya kuzindua maabara ya kompyuta viongozi hawakosekani: utepe hukatwa na picha hupigwa. Swali ni nani atakayelipa leseni za programu mwaka wa pili, nani atamlipa fundi, na betri zikifa fedha za kununua nyingine zitatoka fungu gani. Kama hayo hayamo katika bajeti ya chuo, maabara hiyo itageuka stoo.

Jambo la pili ni wahadhiri. Mhadhiri hupanda cheo hasa kwa machapisho yake. Akitumia miezi minne kuandaa somo zuri la kwenye intaneti, mara nyingi kazi hiyo haimwongezei kitu, na mwenzake aliyeandika makala moja anampita. Katika hali hiyo, nani atajisumbua? Hili haliwezi kurekebishwa na fundi wa kompyuta. Ni la makamu mkuu wa chuo, maamidi na seneti.

Tatu ni mfano. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mkuu wa idara ambaye bado anataka kila kitu kiletwe kwa karatasi na mhuri, na ambaye barua pepe zake husomwa na katibu muhtasi, hawezi kumshawishi mhadhiri kijana kwamba chuo kimebadilika.

Historia nayo inatufunza. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu cha Afrika kwa njia ya mtandao, maarufu kama AVU. Masomo yalirushwa kwa satelaiti kutoka vyuo vya Marekani na Ulaya hadi vyuo vya Afrika, na mwaka 2002 makao yake yakahamia Nairobi. Wazo lilikuwa zuri. Lakini somo linaloandaliwa ng'ambo halifuati mtaala wala kalenda ya chuo kinacholipokea, na mhadhiri wa hapo anabaki mtazamaji. Teknolojia isiyo na mwenyewe ndani ya chuo haiwezi kuota mizizi.

Kwa nini tunayasema haya? Kwa sababu mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha kwa Tanzania mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kwa ajili ya mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, uliopangwa kuchukua miaka mitano. Sehemu ya fedha hizo ni za majengo, mafunzo ya wahadhiri na teknolojia ya kufundishia. Huu ni mkopo, ndugu zangu, si zawadi. Watakaoulipa ni hao hao wanafunzi walioketi nyumbani mwaka 2020, pamoja na watoto wao.

Hivyo basi, kila baraza la chuo liulize maswali matatu. Mradi ukiisha, gharama za kuendesha mifumo zitatoka wapi? Kazi ya kufundisha kwa intaneti inahesabiwaje katika kupandisha vyeo? Na chuo kikifungwa kesho, ni masomo mangapi yanaweza kuendelea bila mwanafunzi kukosa kipindi?

Nasi tulio ughaibuni tujirekebishe. Tumezoea kuchangishana na kusafirisha makontena ya kompyuta zilizotumika, kisha tunaridhika. Kutoa ni moyo, lakini kabla ya kutuma tukiulize chuo kina fundi gani na kimetenga kiasi gani cha matengenezo. Kama hakuna jibu, afadhali fedha hizo zimsomeshe fundi mmoja.

Viongozi wa vyuo wasisubiri janga jingine ndipo waanze kutafuta nywila za mifumo yao.