Kabla Hamjamwita Mlafi

Ndugu zangu wa Buyenzi, Bwiza, Nyakabiga na Bujumbura nzima,

Nawaandikia kutoka Brussels kuhusu jambo linalofichwa huku kama linavyofichwa huko: mtu kula chakula kingi mno kwa muda mfupi, mara nyingi peke yake, hata bila njaa, akishindwa kujizuia, kisha akabaki na aibu na kujichukia. Likijirudia angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, na mwenyewe hana mazoea ya kujitapisha, madaktari huliita ugonjwa. Albert Stunkard wa Marekani aliueleza mwaka 1959. Madaktari wa akili wa nchi hiyo waliutambua rasmi mwaka 2013, na sasa umo pia katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022.

Najua mtakalouliza kwanza. Nchi ambayo zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa itazungumziaje ugonjwa wa kula kupita kiasi? Swali hilo ni la haki, na anayelidharau hajui mama wa Buyenzi anavyohesabu faranga kabla ya kununua ndagala. Ila nadhani linauona ugonjwa huu kwa upande usio wake. Njaa haimkingi mtu nao. Ni mlango mmojawapo unaouingiza. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula kwa miezi 6 wanaume 36 waliojitolea, wote wakiwa wameteuliwa kwa afya njema ya mwili na akili. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula mpaka matumbo yakauma na bado hawakuhisi kushiba. Miongo kadhaa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watafiti wa Kanada waliwalinganisha wanajeshi waliokuwa wametekwa na kushindishwa njaa na wenzao ambao hawakutekwa. Kula kwa kupindukia kulionekana zaidi kwa waliotekwa, ingawa walikuwa wazee wenye chakula cha kutosha nyumbani. Na mwaka 2017, utafiti uliofanywa San Antonio, Texas, kwa watu wanaopokea chakula cha msaada ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyokosa uhakika wa chakula, ndivyo dalili hizi zilivyozidi.

Sasa tujitazame sisi. Vita vilianza 1993. Majirani wakatufungia mipaka ya biashara kuanzia 1996 hadi 1999. Wengine walilelewa katika kambi za Tanzania, Nyarugusu na kwingineko, ambako mgao ulipunguzwa mara kadhaa fedha za wafadhili zilipopungua. Wapo waliotoka huko wakaja kuishi Ulaya, Kanada au Marekani, kabati limejaa lakini mwili haujaamini. Sisemi kila aliyelala njaa ataugua. Wengi hawakuugua, na zipo sababu nyingine: urithi wa familia, huzuni, kudhihakiwa umbo. Ninachokataa ni dai kwamba ugonjwa huu hautuhusu.

Wengine watasema huu ni ulafi tu, na dawa yake ni nidhamu: afunge, aombe, aache chakula cha usiku. Naiheshimu sana swaumu, na naheshimu kufunga kwa wenzetu wa kanisani. Lakini kwa mgonjwa wa namna hii, kushinda na njaa ndiko kunakotayarisha tukio linalofuata. Anajinyima kutwa, usiku anashindwa, anajilaumu, kesho anajinyima zaidi. Dini yenyewe imemwekea mgonjwa ruhusa yake. Basi sheikh au padri aelezwe ukweli pamoja na daktari, ili mgonjwa asiachwe aamue peke yake akiwa na hofu ya dhambi.

Ndiyo maana tiba iliyothibitika zaidi huanza kinyume cha wengi wanavyotarajia. Ni mazungumzo na mtaalamu kuhusu mawazo na mazoea, na hatua yake ya kwanza ni kula kwa saa zinazojulikana, milo 3 na vitafunio kidogo katikati, bila kukaa muda mrefu na tumbo tupu, huku mtu akiandika alichokula na alivyojisikia. Kupungua uzito si lengo la kwanza.

Mtasema wataalamu ni wachache. Kweli, na familia isiyo na uhakika wa mlo mmoja haiwezi kupanga mitatu. Hiyo inahitaji chakula kabla ya ushauri. Lakini Kamenge kipo kituo cha magonjwa ya akili, CNPK, kinachohudumia watu tangu miaka ya 1980, na mtu haendi huko kwa sababu ni kichaa. Anayeogopa jina la mahali hapo aanze kwa daktari wa kawaida, apimwe sukari na shinikizo la damu, na aseme waziwazi kwamba anakula bila kuweza kujizuia. Akizungumzia unene pekee, atarudi na orodha ya vyakula vya kuacha.

Nanyi wa nyumbani, mkikuta sufuria limemalizwa usiku, msiulize mbele ya watu nani kala. Msihesabu vijiko vyake mezani, wala msimkaribishe mgeni kwa kutaja alivyonenepa. Mwiteni ale pamoja nanyi mchana, hata kama usiku uliopita alikula sana, kisha mmoja anayemwamini ajitolee kumsindikiza kwa daktari.

Ndugu yenu wa Brussels