Kidonge Kimoja, Majina Mengi

Msimu wa tumbaku hapa Tabora ni msimu wa kuumwa mgongo. Tangu enzi za wapagazi waliobeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, mabega ya watu wa huku hayajapumzika. Wao hawakuwa na Panadol. Sisi tunayo, na wengine tunaitafuna kama karanga.

Sisemi kwamba paracetamol ni dawa mbaya. Ni nzuri, ila ina kipimo. Mtu mzima ameze vidonge viwili vya miligramu 500, kisha angoje saa sita. Kwa mchana na usiku mmoja asizidishe vidonge vinane.

Wazee huniambia zahanatini, "Mwanangu, viwili havinipati." Ukiwauliza wamekunywa nini, ni Panadol asubuhi, dawa ya mafua adhuhuri, Panadol Extra jioni. Wao wanahesabu dawa tatu. Kumbe Panadol zote mbili ni paracetamol, na dawa nyingi za mafua zinayo pia!

Sehemu ndogo ya dawa hii hugeuka sumu mwilini, na ini huiondoa. Dawa ikizidi, ini hushindwa, nalo huanza kuharibika. Ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujiona mzima. Baadaye ndipo huja maumivu chini ya mbavu za kulia na macho ya njano. Mnywaji wa gongo wa kila siku yumo hatarini zaidi. Aliyezidisha akimbizwe hospitali hata kama anacheka. Dawa ya kuizuia sumu hiyo ipo, na hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya saa nane kupita.

Kwa maoni yangu, tukatae vidonge vilivyofungwa katika karatasi ya daftari. Karatasi hiyo haisemi jina wala tarehe ya mwisho. Mwambie muuzaji akuonyeshe boksi, usome yale maandishi madogo chini ya jina kubwa. Hapo ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi.

Na mtoto je? Homa ikishuka, malaria haijaondoka. Paracetamol hupunguza joto tu. Apimwe damu siku hiyo hiyo. Aspirini asipewe kabisa bila daktari kuagiza, kwani inaweza kumdhuru ubongo na ini. Wala nusu ya kidonge cha baba si kipimo chake. Kipimo cha mtoto hufuata uzito wake, na mizani ipo zahanati.