Riposte Ilipoondoka Butembo

Tarehe 30 Desemba 2018 watu wa Beni, mashariki mwa Kongo, walijipanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura ambazo hakuna aliyewaahidi kuzihesabu. Siku 4 kabla, CENI, tume ya uchaguzi, ilikuwa imeahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo hadi Machi 2019 kwa hoja ya Ebola na usalama, ilhali rais angeapishwa Januari. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa. Anayeweza kunawa sokoni, kwa nini asinawe kituoni?

Naanzia hapo kwa sababu ukitaja mashirika ya kimataifa huku Kivu, wengi hukimbilia hesabu ya fedha. Fedha zilikuwepo: Julai 2019 Benki ya Dunia pekee ilitangaza hadi dola milioni 300. Kilichokosekana ni imani. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni walikuwa wakichinjwa kwa mapanga, na MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, ikiwa pale pale. Halafu ukaja ugonjwa mmoja, na barabara zikajaa magari ya kukodi. Mama aliyezika watoto kwa malaria na surua akashangaa kwamba kumbe magari yapo. Ndipo mtaani wakaanza kusema Ebola ni biashara.

Februari 2019 vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili Dk. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na WHO, akapigwa risasi hospitalini Butembo, akafa. Hasira yoyote ile haihalalishi damu hiyo.

Tusiwanyime haki yao watu wa riposte, yaani operesheni ya kupambana na Ebola: zaidi ya watu 300,000 walichanjwa, na majaribio yaliyoongozwa na Profesa Muyembe wa INRB, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kongo, yalithibitisha dawa 2 za Ebola. Lakini watu 2,287 walikufa katika mlipuko huo. Na Septemba 2021 tume huru ikaeleza jinsi baadhi ya watu wa riposte, wakiwemo wa WHO, walivyowadai wanawake ngono ili wawape kazi. Mgeni anayegawa ajira bila kuulizwa na mtu yeyote mjini hufika huko.

Kwangu mimi, shirika lipimwe kwa wanaobaki wakijua kazi baada ya magari kuondoka. Februari 2021 Ebola ilirudi eneo la Butembo. Safari hii wahudumu wa jimbo, waliofunzwa katika mlipuko uliopita, ndio waliotangulia, WHO ikiwasaidia. Waliougua walikuwa 12, waliokufa 6. Tarehe 3 Mei mlipuko ukatangazwa kwisha.