Wasichana na Vyuma Vizito

Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20, mbali na ndoo yenyewe. Msichana wa kwetu huijua ndoo hiyo tangu angali mdogo: huiinua kutoka chini, huipandisha kichwani, kisha huenda nayo mwendo mrefu. Sijapata kusikia mzee yeyote akisema ya kuwa kazi hiyo itamharibu mtoto wa kike. Lakini wasichana sita wa kidato chetu, nami nikiwa mmoja wao, tulipoomba ruhusa ya kutumia vyuma vya mazoezi vilivyo nyuma ya karakana, maneno yalikuwa mengi. Ati tutakuwa na vifua kama wanaume. Ati hatutazaa. Ati hatutarefuka tena. Mpaka leo ruhusa haijatoka, ndiyo maana naomba nafasi katika gazeti letu niseme niliyo nayo.

Misuli minene ya mwanamume hutokana sana na homoni iitwayo testosteroni, nayo mwilini mwa mwanamke ni chache mno. Mwanamke akifanya mazoezi hupata nguvu sana, ila misuli yake haijai upesi kama ya kaka yake. Habari ya kutorefuka haina msingi, maadamu mazoezi yanasimamiwa na mtu ajuaye. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri kwamba vijana wa miaka 5 hata 17 wafanye mazoezi ya kutia nguvu misuli na mifupa walau siku 3 kwa juma. Halikusema wavulana peke yao. Na juu ya uzazi, wazee wetu wajue kwamba jambo liwezalo kuvuruga siku za mwezi ni kufanya mazoezi makali na huku mtu hali vya kutosha. Msichana aachaye ugali wake ili awe mwembamba, kisha akaenda kunyanyua vyuma, huyo ndiye wa kukanywa.

Katika Michezo ya Olimpiki wanawake walianza kunyanyua vyuma mwaka 2000, huko Sydney. Mwaka 2021, katika Michezo ya Tokyo, Hidilyn Diaz wa Ufilipino aliinua kilo 127 juu ya kichwa chake, naye alishindana katika daraja la wasiozidi kilo 55. Nchi yake ilikuwa haijapata medali ya dhahabu tangu ilipoanza kushiriki mwaka 1924. Mwaka mmoja kabla ya hapo ugonjwa wa korona ulimfungia Malaysia bila vyombo vya mazoezi, akatundika vyombo vya maji kwenye mti wa mwanzi akaendelea. Maji yale yale tuyachukuayo sisi!

Hatari ipo, nami sitaificha. Vyuma vyetu ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kutiwa katika bomba. Muhula huu tuliyapeleka dukani tukayapima kwa mizani: kopo moja lilikuwa kilo 11, mwenzake kilo 13 na nusu. Mtu akiinua kitu cha namna hiyo mwili huvutwa upande mmoja, na mgeni hatambui kwa nini anaumia. (Wavulana wameyatumia miaka miwili na kujisifu juu yake.) Yafaa yapimwe yote, yaandikwe uzito wake kwa rangi, yapangwe mawili mawili yaliyo sawa, na kopo lichezalo kwenye bomba lisiguswe kabisa.

Tena anayeanza asikimbilie makopo. Shangazi yangu, aliyenifundisha wakati wa likizo, alinipa mpini wa jembe. Miguu huachana kwa upana wa nyonga, mpini huwa karibu na miundi, makalio hurudi nyuma, mgongo hunyoka usipinde. Ndipo unavuta pumzi, unakaza tumbo, na kuinuka kwa nguvu za miguu. Majuma mawili ya mpini si aibu. Halafu bomba tupu. Kisha uzito mdogo unaoweza kuuinua mara 8 hata 10, upumzike dakika mbili, urudie mara mbili tena. Siku 2 au 3 kwa juma zatosha, wala zisifuatane. Kilo 2 ziongezwe pale tu mara ya mwisho inapokuwa safi kama ya kwanza. Wengi huongeza kwa sababu mwenzao ameongeza, na hapo ndipo migongo huumia. Aliyekwenda hivyo miezi mitatu au minne aweza kuanza mizigo ya kuinua mara 5 tu, ambayo ndiyo mizito hasa.

Misuli kuuma kesho yake na kesho kutwa ni kawaida. Maumivu makali ya ghafula katika kiungo au mgongo ni amri ya kuacha. Mtu asilale chali chini ya bomba bila mwenzake kusimama karibu. Kanga na mikufu ibaki bwenini. Mwenye pumu, sikoseli au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Tunaloomba kwa walimu wetu ni saa moja Jumanne na saa moja Ijumaa, mwalimu wa michezo akiwapo, kwa wasichana wenye barua za wazazi wao. Chuma cha wanawake cha mashindano kina kilo 15, nacho hatukihitaji kwa sasa. Bomba lililopo latosha. Tumelipima, ni kilo 6.